Gunia la Mboga Mjini



Tumepewa zamu ya kueleza kazi ambayo baadhi yenu mmeinung'unikia, yaani kwenda Kibera kuwafundisha watu wa mjini kulima mboga. Mwanachama mmoja alituuliza mkutanoni: "Mkiwafundisha wanunuzi wetu kulima, mboga zetu atanunua nani?" Swali hilo ni la haki, wala hatutalikwepa.

Hatukuwa wa kwanza. Mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika moja la Kifaransa lilifundisha kilimo cha magunia katika mitaa hiyo. Sisi tulifuata njia iliyokwisha kukanyagwa, walakini tulianza vibaya. Siku ya kwanza tulisimama ubaoni saa mbili nzima tukieleza aina za udongo. Mama mmoja, aliyeshika jembe kabla hatujazaliwa, akatuuliza kwa upole gunia liko wapi. Tangu siku hiyo ubao umebaki ghalani.

Kazi yenyewe ni hii. Kopo lisilo na mfuniko wala kitako huwekwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, na udongo uliochanganywa na samadi humwagwa kandokando yake. Kopo huvutwa juu na kujazwa tena, hata gunia lijae, na nguzo ya kokoto isimame ndani yake; hapo maji yamwagwayo juu hufika chini. Ubavuni hutobolewa matundu, na miche ya sukuma wiki 30 hadi 40 hupata makao mahali pa kiti kimoja.

Sasa jibu. Siku moja, mikono ikiwa bado na matope, wale mama walitaka kujua mkulima hulipwa nini. Tukahesabu kwa maharagwe chini: rundo la bei wanayolipa wao, kisha tukatoa la lori, la dalali na la mchuuzi. Rundo letu lilibaki dogo kuliko yote, wakacheka, nasi hatukucheka. Siku hiyo ndipo vikundi vyao vilipoanza kununua viazi, vitunguu na kabichi moja kwa moja katika ghala letu.

Hatusemi kwamba mambo yote ni mema. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, lakini mpangaji bado hutegemea hiari ya mwenye nyumba. Mmoja aliamuru magunia 11 yaondolewe kabla ya jua kuchwa, nayo ni mazito. Mengine yalipasuka njiani.

Lori huondoka Jumamosi alfajiri. Mwenye samadi ailete ghalani Ijumaa kabla ya magharibi, nayo iwe imeoza barabara. Mbichi huunguza miche, nasi tulikwisha kuiunguza ya kutosha.