Kabla ya Kutumia VPN Chuoni



Vijana walioko vyuoni hutusaidia kuandaa taarifa za miradi ya sharika za Old Moshi. Mtandao wa chuo ukifunga huduma fulani, baadhi hukimbilia VPN. Hiyo huficha mawasiliano yasisomwe na chuo, lakini mwenye VPN huweza kuona tovuti tunazofungua. Orodha za watoto na wafadhili zisipitie VPN za bure.

Tena, Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaohitaji VPN kwa shughuli zao wazisajili ifikapo tarehe 30. Kanuni za 2020 zinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote.

Basi tuombe kibali cha chuo, tusajili VPN moja ya ofisi. Kibali kikikosekana, taarifa itumwe kutoka ofisi ya usharika.