Sanaa ya Mwandiko wa Kiarabu

Leo twataka kunena juu ya mwandiko wa Kiarabu. Si ule wa barua za kila siku, bali ule uitwao khati, ambao ni sanaa.

Chombo chake ni kalamu ya mwanzi, iliyochongwa ncha kwa mshazari. Ikigusa karatasi mara moja hufanya nukta ya pembe nne, na nukta hiyo ndiyo kipimo. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye asifiwaye kwa kuweka kanuni hii: urefu wa alifu huhesabiwa kwa nukta, na herufi nyingine hupimwa kwa alifu.

Je, penye kipimo pana nafasi ya kubuni? Ipo. Herufi hizi huungana, hurefushwa, hupandana. Maneno yale yale, waandishi wawili huyapanga kwa sura mbili, zote njema. Lakini abuniye kabla ya kujua kipimo huharibu. Basi sisi walimu tusimharakishe mwanafunzi: na aandike herufi moja mpaka mkono utii, kisha tumwache apange mwenyewe.

Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yamo maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107. Na tenzi za kale za pwani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wajuao kuzisoma wakiisha, hazina itabaki kwetu, ila ufunguo tutakuwa tumeupoteza. Chongeni mwanzi, basi, mwanze na alifu.