Sanduku la Stima Nyumbani



Sisi watu wa reli twakagua breki kabla treni haijaondoka. Nyumbani nako yatupasa kukagua sanduku la stima, kwa maana stima ya Kenya ni volti 240, nayo yaua. Tutumie macho, masikio na pua tu, kifuniko tusikifungue.

Kwanza, harufu ya plastiki inayoungua, au alama nyeusi kandoni mwa swichi. Mara nyingi waya umelegea kwenye skrubu. Mahali palipolegea hushika moto, na fyuzi haikatiki.

Pili, sanduku likivuma au kutatarika, na taa zikififia mara kwa mara.

Tatu, fyuzi inayokatika kila siku. Wengine hutia waya mnene au msumari. Hapo twajidanganya. Fyuzi ya taa ni ampea 5. Tukitia ya 30, waya wa ukutani ndio utakaoungua kwanza, na watoto wamelala.

Nne, sanduku la chuma likimtetemesha mtu akiligusa. Asiliguse tena mtu yeyote.

Tukiona mojawapo, tuzime swichi kubwa ikiwa yafikika bila hatari, tumwite fundi mwenye leseni. Mwenye nyumba akikataa kutengeneza, tuandike namba za nyumba zote zenye shida hiyo, tumpe katibu wa tawi. Barua ya mpangaji mmoja hutupwa. Ya wapangaji ishirini husomwa.

Umoja ni nguvu.