Sala na Kalamu

(Hotuba ya msichana mwanafunzi, mkazi wa Ruiru asomaye Thika, aliyoitoa mbele ya wazazi, waalimu na vijana.)



Si desturi yetu kijana kusimama mbele ya wazee na kuwahutubia, lakini nimeombwa nieleze jinsi imani ya dini inavyomfaa mwanafunzi katika masomo yake na katika maisha yake ya kila siku. Sitahubiri, kwa maana kazi hiyo ina wenyewe. Nitasema tu juu ya mambo niyaonayo kati ya Ruiru, ninakokaa, na Thika, ninakosoma. Na neno langu kuu ni moja: kwamba imani ya mwanafunzi hupimwa katika chumba cha mtihani zaidi kuliko katika chumba cha sala.

Sote twaijua desturi iliyoenea katika shule zetu nyingi. Mtihani wa taifa ukikaribia, hufanywa siku ya maombi. Wazazi huja, mchungaji au padre hualikwa, na watahiniwa huinua kalamu na rula zao ili ziombewe. Mimi siilaumu desturi hiyo. Mzazi aliyelipa karo miaka minne kwa kuuza maziwa, au kwa kuchuma kahawa katika shamba la mtu mwingine, ana haki ya kumwomba Mungu amkumbuke mtoto wake. Lakini mwaka 2016 Serikali ilikataza siku za maombi katika muhula wa tatu, pamoja na ziara za wazazi shuleni. Wako waliokasirika, wakasema kwamba dini yapigwa vita. Sivyo. Mikusanyiko hiyo ilishukiwa kuwa mlango wa kupitishia udanganyifu wa mitihani. Kila nikilifikiri jambo hilo naona haya. Yawezaje kuwa kwamba saa ya kumwomba Mungu ishukiwe kuwa saa ya wizi?

Yatupasa kukumbuka kwamba katika nchi hii dini na shule ni ndugu wa tangu zamani. Tazameni Shule ya Mang'u, iliyo karibu nasi hapa. Ilianzishwa mwaka 1925 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu huko Kabaa, upande wa Machakos. Ikahamia Mang'u mwaka 1940, na baadaye ikahamishwa tena mpaka mahali ilipo sasa, karibu na Thika. Humo walisoma Tom Mboya na Mwai Kibaki. Tazameni pia Shule ya Vipofu ya Thika. Jeshi la Wokovu lilianza kazi hiyo mwaka 1946, wakati ambapo watu wengi hawakudhani kwamba kipofu aweza kusoma kitabu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliweka shule za misheni chini ya usimamizi wa Serikali, na makanisa yakabaki kuwa wafadhili. Hata hivyo alama ya mwanzo wake haijafutika.

Na kwa kuwa nimeitaja shule ya vipofu, napenda vijana wenzangu wajue habari za yule aliyefanya maandishi ya nukta wanayosoma wanafunzi wale kwa vidole. Jina lake Louis Braille, mtu wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1809 akapofuka tangu utotoni. Alipokuwa na umri wa miaka 15 tu, umri wa wengi wenu mlioketi hapa, alikuwa amekwisha kuvumbua mpango wake wa nukta sita. Naye alikuwa mtu wa kanisa, akapiga kinanda katika ibada huko Paris. Bila shaka aliomba. Lakini vidole vyake havikukaa bure wakati wa kungoja jibu. Nukta zile alizitafuta mwenyewe, akizijaribu na kuzibadili mara nyingi. Hivyo ndivyo nionavyo sala na kazi vikienda pamoja.

Basi natoka katika mambo makubwa na kurudi kwa yale madogo, maana mtu hujaribiwa zaidi katika madogo. Mimi huondoka Ruiru alfajiri. Nyumba za kupanga zimejengwa mahali ambapo zamani palikuwa na mibuni, na watu wake wengi hushika njia ya Nairobi kwenda kazini. Sisi wachache hugeuka upande wa Thika, kupitia Juja, katika ile barabara kuu iliyokamilika mwaka 2012. Katika matatu yamo majaribu mengi. Kondakta, kwa haraka yake, humrudishia mtu chenji iliyozidi. Mwanafunzi asiye na fedha za chakula cha mchana hujiambia, “Mungu amenionea huruma.” Lakini jioni ile kondakta atafanya hesabu na mwenye gari, na upungufu utatoka katika ujira wake. Huruma gani hiyo ya Mungu, inayotolewa mfukoni mwa maskini mwenzangu? Nimejifunza kwamba tusipokuwa waangalifu twaweza kuubatiza wizi na kuuita baraka.

Jambo hilo hilo, kwa ukubwa zaidi, liko katika mitihani. Nitawapeni habari moja, wala sitaitaja shule. Tulipokaribia kufanya mtihani wa majaribio, simu ilizungushwa usiku yenye karatasi ya hesabu. Kila mmoja alitakiwa kutoa shilingi mia tano. Msichana mwenzangu, ambaye huimba pamoja nami katika kwaya, alinijia akasema, “Tumefunga na kuomba juma zima. Kama hili si jibu la sala zetu, ni nini?” Nilimjibu, “Mungu haibi.” Alinitazama kwa huruma, kama mtu amtazamavyo mgonjwa, akaenda zake.

Karatasi ile ilikuwa ya kweli. Matokeo yalipotoka, mimi nilikuwa na alama 41, na yeye alikuwa na 78. Naliona uchungu mwingi, wala sitawaficha. Mtu akisema kwamba uaminifu hauumizi, hajapata kupeleka alama 41 nyumbani. Baba aliisoma karatasi, akauliza imekuwaje mtoto wa fulani amenipita hivi, nami nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, “Hizi 41 zako nazijua ni zako. Zile 78, hata mwenyewe hajui ni za nani.” Kesho yake alinitafutia mtu wa kunifunza hesabu, naye alilipwa kwa fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya viatu vyangu.

Wazee wetu, nawasihi muyafikiri maneno ya baba yangu, kwa sababu udanganyifu umeigharimu nchi hii kitu kikubwa. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa. Mwaka uliofuata, Waziri Fred Matiang'i pamoja na Profesa George Magoha wa Baraza la Mitihani walikaza ulinzi. Karatasi ziliwekwa katika makontena ya chuma yenye kufuli, yakilindwa na polisi, na wakuu wa shule wakaenda kuzichukua asubuhi ya siku ya mtihani. Waliopata daraja A mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141 tu. Watu wamebishana sana juu ya sababu zote za kushuka huko, na yawezekana kwamba si udanganyifu peke yake. Lakini tangu siku hizo kila mwenye daraja A ya zamani, hata aliyeipata kwa jasho, aweza kutazamwa kwa shaka. Mwizi wa mtihani huwaibia hata wale ambao hakuwahi kuonana nao.

Sasa, je, kufuli na polisi vyatosha? Nitawapeni mfano wa hapa kwetu. Ruiru ina kituo cha utafiti wa kahawa kijulikanacho na wakulima wote. Wazee wanakumbuka ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha matunda ya mbuni yakiwa mabichi. Mkulima alinunua dawa, akanyunyiza, mvua ikanyesha ikaiosha, naye akanunua tena. Mwaka 1971 wataalamu wa kituo kile walianza kazi ya kuchanganya mbegu ili wapate mbuni ulio na kinga ndani yake wenyewe. Kazi hiyo ilichukua miaka 14. Mwaka 1985 walitoa aina mpya, wakaiita Ruiru 11, nayo yaweza kuustahimili ugonjwa ule bila mkulima kumaliza fedha zake katika dawa.

Naona kwamba kufuli, polisi na makontena ni kama dawa ya kunyunyiza. Yafaa sana, wala sisemi iachwe. Lakini mvua ikinyesha huoshwa. Kufuli la chuma halikuizuia karatasi kuuzwa kwa simu kila ilipopata mtu wa kuivujisha, na wako pia walaghai wanaouza karatasi za uongo kwa wazazi wenye hofu. Lipo hitaji la kinga iliyomo ndani ya mwanafunzi mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya imani, na kama ile kazi ya mbegu, haifanywi kwa siku moja ya maombi katika muhula wa mwisho. Huanza mtoto angali mdogo, anapotumwa dukani na kurudi na chenji kamili.

Hapo nataka kusema na vijana wenzangu walio wa dini mbalimbali. Mji wa Thika una makanisa mengi, una misikiti, una na mahekalu ya Wahindi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, yatupa kila mmoja uhuru wa dini na ibada. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba wanafunzi Waadventista wa Sabato wapewe nafasi ya kuishika siku yao ya Jumamosi shuleni. Ni haki kubwa, na waliodai haki hiyo walisubiri kwa miaka. Lakini tukumbuke kwamba aliyepewa siku yake ya kuabudu bado anazo siku sita nyingine za kuonyesha anamwabudu nani. Mwislamu aliyeswali alfajiri, na Mkristo aliyeimba jana kanisani, wote wawili hukaa katika dawati moja la mtihani. Hakuna dini hata moja kati ya hizo iliyomwambia mfuasi wake kwamba aweza kuiba mradi ameomba kwanza.

Kwa wazazi nina maombi mawili. La kwanza: mtoto anapoleta matokeo, msiulize tu amepata ngapi, bali ulizeni amezipataje. Tunawajua wazazi waliochangia fedha ili karatasi inunuliwe, kisha wakaja kanisani kutoa sadaka ya shukrani. Mtoto aliyeona hayo hawezi tena kufundishwa na mhubiri yeyote. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. La pili: msitufanye tuogope nyumba zetu. Msichana anayejua kwamba akishindwa atafukuzwa au kutukanwa mbele ya wageni, huyo amekwisha kusukumwa kwa wauza karatasi. Mwambieni mapema kwamba alama zake halali, hata zikiwa chache, zina mahali pa kukaa nyumbani kwenu.

Na kwa wanafunzi wenzangu nasema hivi. Ombeni, wala msione haya kuomba. Mimi huomba kabla ya kufungua karatasi, na moyo wangu hutulia. Lakini siombi nijue nisichokisoma. Naomba nikumbuke nilichokisoma, na nisiogope nisichokijua. Kisha rudini vitabuni. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mtegemea jibu la mwenzake hufa mjinga. Siku moja mtu huyo atakuwa mwuguzi, atapima dawa ya mtoto mgonjwa. Hapo hapatakuwa na simu ya kuzungushwa usiku.

Shule ya Mang'u ina wito wake, uliowekwa kwa Kiswahili: Jishinde Ushinde. Mimi si mwanafunzi wa shule ile, lakini maneno hayo matupu mawili nimeyafanya yangu. Watu wengi huyasoma wakitazama neno la pili, kwa sababu kila mtu apenda kushinda. Nguvu yake imo katika lile la kwanza.

Yule mwenzangu wa kwaya bado ni rafiki yangu. Majuzi aliniomba tusome hesabu pamoja siku za Jumamosi jioni, nami nilikubali kwa furaha, maana yako mafungu anayoyaelewa yeye kuliko mimi. Mtihani wa taifa unakuja, na sisi wote wawili tutaingia na kalamu zetu. Mkiziombea kalamu hizo tutashukuru sana. Ombeni pia ziandike yale tu tunayoyajua.