Mzinga Ni Pembejeo

Msikilizaji, kila kinapoundwa kikundi cha ufugaji nyuki, swali la kwanza huwa ni bei ya asali: lita moja itauzwa shilingi ngapi, na nani atainunua. Swali hilo ni halali. Tanzania ni ya pili barani Afrika kwa uzalishaji wa asali, nyuma ya Ethiopia, na wanunuzi wapo. Lakini kwa mkulima wa Nyakahanga hapa Karagwe, mkoani Kagera, na kwa mwenzake wa Nkwenda au Kaisho kule Kyerwa, asali ni ujira tu anaopewa mfugaji kwa kutunza nyuki. Kazi yenyewe inafanyika kwenye mbuni, kwenye mparachichi, kwenye alizeti na kwenye maboga, na hakuna daftari la kikundi linaloiandika. Hoja yangu leo ni kwamba mzinga uhesabiwe kuwa pembejeo ya kilimo kama mbegu na mbolea, na kwamba elimu ya kuwalinda wadudu wachavushaji iitangulie mizinga badala ya kuifuata.

Tuanze na kahawa, maana ndiyo inayolipa ada za shule. Sehemu kubwa ya kahawa ya mkoa wa Kagera ni robusta, na robusta ina tabia ambayo arabika haina: ua lake haliwezi kutungishwa kwa chavua ya mti uleule. Hata miche ya vikonyo iliyotoka kwa mama mmoja haisaidiani, kwa kuwa yote ni kama mti mmoja uliogawanywa. Ndiyo sababu miche ya aina mbalimbali huchanganywa shambani. Lakini kuchanganya aina ni nusu ya kazi, kwa sababu chavua lazima ihame kutoka mti hadi mti, tena kwa haraka: maua ya kahawa hufunguka kwa pamoja baada ya mvua na kunyauka ndani ya siku chache. Sasa sikia ushahidi wa arabika, ambayo inaweza kujichavusha yenyewe. Katika mashamba ya Mlima Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa uchavushaji wa wadudu uliongeza uzito wa matunda kwa takribani asilimia 7. Huko Panama, mtafiti David Roubik alieleza mwaka 2002 kuwa mibuni iliyofikiwa na nyuki ilizaa zaidi kwa asilimia 50 na ushei. Na huko Sulawesi, Indonesia, utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa palipokuwa na aina chache za nyuki, maua kama 60 kati ya 100 yaligeuka matunda. Palipokuwa na aina nyingi, yalifika 90. Tarakimu zinapishana kwa kuwa ardhi, hali ya hewa na vipimo vinapishana, lakini zote zinaelekea upande mmoja. Ikiwa mbuni unaojitosheleza unanufaika kiasi hicho, usiojitosheleza una sababu kubwa zaidi ya kumhitaji mdudu.

Yupo atakayesema kwamba robusta huchavushwa pia na upepo, na upepo hauhitaji mzinga. Ni kweli, upepo unasaidia. Ila vibanja vyetu vimepandwa migomba, kahawa na miti kwa kuchanganywa, na migomba hukata upepo. Tena maua hufunguka msimu wa mvua, wakati chavua iliyolowa hairuki mbali. Upepo hauchagui pa kwenda, ilhali nyuki hutoka ua moja kwenda lingine la aina ileile. Na gharama ya kukosa mchavushaji haihitaji kukisiwa, kwa sababu mkoa wetu tayari unaijua kupitia vanila. Zao hilo lilitoka Meksiko, lakini nyuki wanaolichavusha huko hawakuja nalo. Kwa hiyo mkulima wa vanila wa Kagera huamka asubuhi na kijiti mkononi na kuchavusha ua moja baada ya jingine, kwa kuwa kila ua huishi chini ya siku moja. Asipolifikia, hakuna tunda. Vanila inavumilia kazi hiyo kwa sababu ya bei yake. Jaribu kupiga hesabu ya kuchavusha kwa kijiti kibanja kizima cha kahawa, chenye maelfu kwa maelfu ya maua yaliyofunguka kwa pamoja. Hakuna familia yenye mikono ya kutosha.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye mgomba, na halipaswi kukwepwa. Kwanza, ndizi zetu hazihitaji nyuki hata kidogo. Mkungu hukua bila ua kuchavushwa. Pili, wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba, nyuki wakiwemo, wanaweza kubeba bakteria wa mnyauko kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima, na ugonjwa huo umeutesa mkoa huu tangu katikati ya miaka ya 2000. Je, kuongeza nyuki siyo kuongeza mnyauko? Jibu lipo kwenye ushauri ambao maafisa ugani wamekuwa wakiutoa: ua dume liondolewe mapema kwa kijiti chenye panda mara tu chane za mwisho zinapotokeza, na panga lililokata mgomba mgonjwa lisiguse mzima kabla halijasafishwa. Ua dume likiondoka, mlango wa mdudu umefungwa, na panga, ambalo nalo husambaza ugonjwa, linabaki mikononi mwa mwenye shamba. Lakini tuwe wakweli: kuliondoa ua hilo ni kuwanyima nyuki chakula ambacho migomba huwapa karibu mwaka mzima. Pengo hilo lazima lizibwe kwa kupanda, mfano kaliandra kwenye mipaka, ambayo pia ni malisho ya mbuzi, na alizeti pembezoni mwa shamba. Ushauri wa migomba na ushauri wa nyuki utolewe pamoja. Ukitolewa mmoja peke yake, unaharibu mwingine.

Sasa tuje kwenye sumu. Hakuna mwenye haki ya kumwambia mkulima aache mahindi yake yaliwe na viwavijeshi vamizi, au nyanya zake ziteketee, ili nyuki wa jirani wapone. Kinachodaiwa ni muda na uchaguzi. Nyuki hufanya kazi mchana. Anayepulizia jioni baada ya nyuki kurudi, na asiyepulizia mmea ulio katika maua, amepunguza madhara kwa kiasi kikubwa bila kupoteza zao lake. Uchaguzi nao una uzito wake, kwa sababu viuatilifu vingine, kama imidaklopridi, hupenya ndani ya mmea mpaka kwenye mbochi na chavua, na hapo hata kupulizia jioni hakutoshi. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya imidaklopridi na sumu nyingine mbili za kundi moja nayo katika mashamba ya wazi, kwa sababu ya nyuki. Mkulima anayenunua chupa dukani anastahili kuelezwa hayo kabla ya kulipa. Na hapa ndipo neno jamii linapopata maana, kwa kuwa nyuki anaweza kwenda kilomita mbili hata tatu kutafuta chakula. Mtu mmoja akipulizia saa nne asubuhi, anaua nyuki wa kaya ambazo hata hazifahamu. Kuweka mizinga katika kijiji ambacho hakijafundishwa jambo hilo ni sawa na kujenga zahanati kisha kuweka sumu kisimani.

Wataalamu nao wana hoja yao: mzinga wa kawaida unafuga aina moja tu ya nyuki, nyuki wa asali, ilhali wachavushaji ni wengi. Wapo nyuki wadogo wasiouma, wapo nyuki wanaotoboa miti mikavu, wapo wanaochimba viota ardhini, na wapo nzi na vipepeo. Mizinga mingi mno mahali penye maua machache inaweza hata kuwanyang'anya hao chakula. Naikubali hoja hii, na ndiyo sababu nasema elimu itangulie. Anayejua kuwa kuna nyuki ardhini ataogopa kuwasha moto wa nyasi wakati wa kiangazi. Anayejua kuwa kuna nyuki kwenye gogo bovu hatalimaliza lote kwa kuni. Mwaka 2019 serikali ilitangaza Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, na humo wadudu wana makazi. Lakini nyuki aliye ndani ya hifadhi hawezi kuchavusha kibanja kilicho mbali na mpaka wake. Makazi lazima yawepo pia vijijini, kwenye mipaka ya mashamba, kando ya mito na kwenye viwanja vya shule.

Hofu ya kuumwa nayo si ya kudharauliwa. Nyuki wetu ni wakali, na mtu aliyeshambuliwa na kundi anaweza kufa. Manzuki, yaani eneo la mizinga, iwe mbali na nyumba, njia na shule, izungukwe na miti au ua mnene, na kazi ya kurina ifanyike kwa moshi na mavazi ya kinga. Shuleni na jirani na nyumba, nyuki wadogo wasiouma wanafaa zaidi: asali yao ni kidogo, lakini mwanafunzi anaweza kuwatazama kwa karibu wakiingia na chavua miguuni, na somo hilo halisahauliki upesi.

Vyombo vya kutekeleza haya tayari vipo. Sheria ya Ufugaji Nyuki imekuwepo tangu mwaka 2002. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kikundi cha nyuki kinaweza kuiomba. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo na kuipeleka halmashauri iidhinishwe: hakuna kupulizia mimea iliyo katika maua, hakuna kupulizia kabla ya jioni, na jirani mwenye mizinga apewe taarifa siku moja kabla. Nawaomba wenyeviti wa vijiji vya Karagwe na Kyerwa waiweke ajenda hiyo kwenye mkutano mkuu ujao, kabla kahawa haijachanua tena. Nawaomba vyama vya ushirika vya kahawa vihesabu mizinga iliyo jirani na mashamba ya wanachama kama vinavyohesabu miche. Nawe mkulima, ukinunua kiuatilifu wiki hii, muulize muuzaji swali moja kabla ya kutoa fedha: hii inawafanya nini nyuki? Asipokuwa na jibu, mtafute afisa ugani kabla hujafungua chupa.