Chakula cha kwetu na chakula cha kwenu

Mazungumzo na familia zilizokimbia vita na viongozi wa vijiji vinavyozipokea, teritware ya Kalehe, Kivu ya Kusini



Mara nyingi tukija kwenu tunazungumza juu ya mipaka ya mashamba, zamu ya maji na orodha za msaada. Leo tunaomba tuzungumze juu ya chungu. Matatizo yale bado yapo, lakini mengi huanzia jikoni. Yanapofika mbele ya chifu yamekwisha kukomaa.

Kila upande wa Kivu una chakula unachojivunia. Mtu wa Masisi atawatajia viazi, maharagi, maziwa, na jibini ile ya mviringo ambayo wengi wetu tunaiita fromaji. Mtu wa ziwani atawaambia kwamba hakuna kitoweo kinachoshinda sambaza waliovuliwa usiku kwa taa. Mshi atasifu kasiksi ya ndizi, na atawaeleza kwamba bila kasiksi posa haijakamilika. Mrega wa Shabunda ataweka mbele mchele na mafuta ya mawese. Mbembe wa Fizi atawauliza kama mmekwisha kuonja mikebuka ya ziwa Tanganyika.

Fahari hiyo ni kitu chema. Aliyekimbia vita ameacha nyumba, mifugo na mavuno. Akipika kama mama yake alivyopika, watoto wake wanajua bado wana kwao. Familia nyingi zilizotoka Masisi na kufika Minova mwaka 2024 zilikuja na sufuria moja, wengine bila hata hiyo. Lakini ujuzi wa kupika haukuporwa. Tusiuchukue kama jambo dogo.

Walakini fahari hiyo hiyo inaweza kugeuka dharau. Tumesikia maneno kwenye kisima na sokoni: hawa wanakula majani tu, wale hawajui kupika bugali, hawa wamezoea maziwa, waende wakayatafute kwao. Ndugu wapendwa, hapa kwetu neno juu ya chakula mara nyingi ni neno juu ya kabila lililofichwa. Mtoto analisikia kwa mama, analipeleka shuleni, na huko linajibiwa kwa jiwe. Kiongozi anayesema "ni mzaha wa wanawake" anachelewa.

Tuangalie basi vyakula vyenyewe vimetoka wapi. Sambaza, fahari ya ziwa Kivu, hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, na kule Uvira yeye na jamaa yake wanaitwa ndakala. Leo wavuvi wa Kivu wamefunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanaimba usiku kucha, na hakuna anayemwita sambaza mgeni. Muhogo, mahindi, maharagi na viazi vyote asili yake ni Amerika. Muhogo ulifika pwani ya magharibi ya Kongo na Wareno zaidi ya miaka 400 iliyopita, ukatembea kutoka mkono hadi mkono mpaka milima yetu. Na sombe? Kinshasa wanaiita pondu, Tanzania kisamvu, Rwanda na Burundi isombe. Kila mmoja anaapa kwamba ya kwao ndiyo tamu, na kila mmoja anasema kweli.

Kwa hiyo hakuna kabila linaloweza kusema: chungu hiki ni changu peke yangu. Tulichonacho ni namna ya kupika, na namna hiyo tunaweza kuionyesha bila kumtukana mwingine.

Sasa tuje kwenye mambo matatu ambayo yanaleta ugomvi hapa.

La kwanza ni majani ya muhogo. Mama aliyekimbia hana shamba. Anaona shamba la muhogo la jirani, anachuma sombe kwa ajili ya watoto. Kwake majani ni majani, yataota tena. Mwenye shamba anaona wizi. Na ana sababu yake: muhogo unaochumwa majani mara kwa mara hautoi mizizi mizuri, na mizizi ndiyo karo ya shule. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa. Tunachopendekeza ni mapatano yanayosemwa wazi mbele ya chifu na mwakilishi wa wakimbizi: ni shamba gani, ni siku gani, ni majani kiasi gani kwa kila mti, na anayechuma atasaidia nini, kwa mfano kupalilia mstari mmoja au miwili. Mapatano hayo yasimamiwe na wanawake wenyewe, wawili wa kila upande, kwa sababu ndio wanaojua shamba na chungu.

La pili ni unga wa msaada. Wenyeji wanaona mama akipokea unga wa mahindi na kesho yake anauza sehemu yake. Wanasema: wameshiba hao. Lakini yule mama anahitaji chumvi, sabuni, mafuta, na pengine unga wa muhogo ambao watoto wake wamezoea. Wakati huo huo mwenyeji aliyeshiriki chumba na chakula chake kwa miezi hajaandikwa kwenye orodha yoyote. Malalamiko ya pande zote mbili ni ya kweli. Viongozi wayalete pamoja kwa mashirika, katika barua moja. Kila upande ukileta yake peke yake, itaonekana kama vita ya walalamikaji.

La tatu ni haraka. Muhogo mchungu una sumu. Wazee wetu walituachia dawa yake: kuloweka siku tatu au nne, kumenya, kuanika mpaka ukauke vizuri. Mtu mwenye njaa, au anayeogopa kuibiwa muhogo wake mtoni, hufupisha siku hizo. Tusifupishe. Upo ugonjwa wa miguu kupooza unaoitwa konzo, ulioandikwa na daktari huko Kwango tangu mwaka 1938. Unawapata hasa wanawake na watoto wanaokula kwa majuma mengi muhogo mchungu usiotayarishwa vema, bila maharagi wala samaki. Miguu iliyopooza hivyo haiponi. Mwenyeji anayemfundisha mgeni mahali salama pa kuloweka anaokoa miguu ya mtoto.

Wazee, methali inasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumkumbusha mgeni kwamba amekawia. Sisi tunaisikia pia upande wa pili: jembe linahitaji mahali pa kulima. Kipande kidogo kilichoazimwa kwa msimu mmoja, kwa maneno yaliyoandikwa na mashahidi, kinaweza kulisha nyumba na kuondoa sababu ya kuchuma usiku. Na aliyeazimwa achague miti ya muhogo isiyo na mozaiki kabla ya kuipanda, kwa maana mti mgonjwa utaharibu shamba la aliyemwamini.

Tunajua pia kwamba kula pamoja hakumalizi kesi ya ardhi. Tumeona watu wakishiriki kasiksi asubuhi na kushtakiana mchana. Sahani moja haichukui nafasi ya haki. Lakini watu waliokula pamoja huweza kukaa chini na kusikilizana, na kesi inayosikilizwa haimalizwi kwa panga.

Tunawaomba hivi. Siku ya salongo ijayo, baada ya kazi, kila upande ulete chakula chake: wa ziwani sambaza, wa milimani maharagi na viazi, yeyote mwenye sombe sombe. Asiye na cha kuleta alete kuni au maji, asihesabiwe mnyonge. Mama wapishi waeleze kwa sauti jinsi wanavyopika, na watoto wa pande zote wasikilize. Kisha, kabla ya kutawanyika, chifu na wawakilishi waseme mapatano ya majani mbele ya wote.

Siku moja wengi wenu mtarudi nyumbani. Tungependa mrudi na namna ya kukaanga sambaza ya mama wa Minova, na yeye abaki na maharagi yenu shambani mwake.