Maskani na Kazi Chini ya Dari Moja: Mada Juu ya Kugawa Fleti Ndogo



Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo kwa dhahiri yake ni la seremala na mwashi, nalo ni namna ya kuigawa fleti ndogo ili wakaaji wake wapate mahali pa kuishi na mahali pa kufanyia kazi, pasipo kimoja kukidhulumu kingine. Hapana shaka ubao, msumari na pazia vina sehemu yao, nami nitavifikia. Walakin dai nitakalolitetea mbele yenu ni kwamba, kabla ya kuuliza ukuta usimame wapi, yapasa kuuliza mgeni afike wapi. Mwenye kulijibu swali hilo kwanza huona kuwa sehemu kubwa ya mgawanyo imekwisha kujipanga yenyewe, ilhali asiyelijibu aweza kusimamisha kuta tatu ndani ya vyumba viwili, asipate faragha wala nafasi.

1. Tulichokirithi

Watu wa pwani walifanya kazi majumbani mwao zamani sana kabla ya kuwapo ofisi. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, mtu aliyetoka njiani aliingia kwanza dakani, yaani kibaraza cha mlangoni, penye viti vya mawe kushoto na kulia, na aghalabu maneno ya biashara yalianza na kumalizika hapo hapo. Aliyeruhusiwa kupita alikuta kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na baada ya kiwanda ikafuata misana, yaani vyumba vya kupitia, mmoja nyuma ya mwenziwe, kila mmoja umeinuliwa kidogo kuliko uliotangulia, mpaka kufika ndani, ambako hakuingia ila wa nyumba. Vyumba hivyo vilikuwa virefu, lakini vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na boriti za mikoko zilizobeba dari, nazo hazikuvuka sana mita mbili u nusu au tatu. Kwa upana, basi, chumba cha tajiri wa Lamu hakikukizidi chumba cha fleti ya leo. Kilichompa sitara ni ile tartibu ya vituo, ambapo kila kituo kilikuwa na watu wake na mwisho wake.

Nyumba ya Kiswahili ya Ng'ambo ya Unguja au ya Kariakoo ilishika kanuni ile ile kwa gharama ndogo: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma. Mpika vitumbua aliwasha moto wake uani na kuuza barazani. Kazi ikashika ncha mbili za nyumba, na waliolala wakalala katikati bila kusumbuliwa na mnunuzi.

2. Kilichoondoka

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilianza kujenga nyumba za maendeleo, kwanza Kikwajuni kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, kisha yale majumba marefu ya Michenzani, ambayo ujenzi wake uliendelea katika miaka ya 1970. Haifai kuyabeza. Yaliwapa watu maji ya bomba, umeme na choo cha ndani, na wengi hawakuwa navyo kabla ya hapo. Lakini katika fleti nyingi, hizo na zilizokuja baadaye mijini mwetu, ngazi hukomea mlangoni na mlango hufunguka sebuleni moja kwa moja. Baraza haipo, ua haupo, na mgeni akiisha kuitikiwa hodi yake, hatua ya kwanza humfikisha mbele ya mama anayekunja nguo na mtoto aliyelala juu ya mkeka. Hapo ndipo ilipo taabu ya mwenye kufanya kazi nyumbani, wala haiondoki kwa kuhamia fleti kubwa zaidi iliyo na kasoro hiyo hiyo.

3. Kazi za namna mbili

Watu hushauriwa mara nyingi kwamba kazi ipelekwe pembe ya mbali kabisa. Ushauri huo huwafaa nusu ya watu na huwadhuru nusu nyingine, maana kazi za nyumbani ni za namna mbili. Iko kazi ya wageni, kama ya mshoni, msusi, mpaka hina, au mwalimu wa twisheni. Na iko kazi ya upweke, kama ya mwandishi, mfasiri, au mhasibu afungaye hesabu za duka la mtu. Ya kwanza na ikae karibu na mlango, hata kama pembe hiyo si nzuri, kwa sababu kila hatua mgeni anayoongeza kuelekea ndani inapunguza faragha ya nyumba nzima. Ya pili yaweza kukaa ndani, karibu na dirisha, hata chumbani, maadamu mwenye kuifanya ni yeye peke yake apitaye.

Na huyu wa pili naye siku hizi ana mgeni wake. Anapozungumza na watu kwa kompyuta, jicho la mashine hutazama kila kilicho nyuma yake. Kwa hiyo na akae mgongo wake ukiwa ukutani au penye kabati, wala asilielekeze jicho hilo kwenye mlango ambao mkewe hupita bila ya buibui.

4. Mfano mmoja

Namjua mshoni mmoja, bibi wa makamo, mwenye fleti ya vyumba viwili na sebule, ghorofa ya tatu. Cherehani yake iko hatua mbili tu kutoka mlangoni, upande wa kushoto, na nyuma yake limesimama kabati la nguo lililogeuzwa: milango yake inaelekea kwenye cherehani, na mgongo wake, uliofunikwa kitambaa, unaelekea kwenye makochi ya familia. Kati ya kabati na ukuta ameacha njia ya kupita mtu mwenye sinia, na juu yake limetungikwa pazia zito lisilofika chini, ili zionekane nyayo za anayekuja. Mteja hupimwa hapo, hujaribu gauni nyuma ya pazia la pili lililo pembeni, hulipa na kwenda zake. Wako walioshonewa naye kwa miaka wasijue rangi ya makochi yake. Chini ya miguu ya cherehani ametia vipande vya mpira, kwani sakafu ya zege hupeleka mtikisiko kwa jirani wa chini, na jirani huyo alikwisha kupanda ngazi kulalamika. Meza ya kukatia imefungwa ukutani kwa bawaba. Mchana hubeba vitambaa, na baada ya magharibi watoto huandikia hesabu zao, ila baada ya kupitishwa sumaku, pini isije ikamchoma mtu.

5. Vipimo, hewa na umeme

Meza ya mwandishi yenye upana wa sentimita 60, pamoja na nafasi ya kurudisha kiti nyuma, haihitaji zaidi ya mita moja u nusu, na njia ya kupita isipungue sentimita 80. Kizuizi chochote, kiwe rafu, kabati au ubao, kisifike darini: kiachiwe uwazi wa sentimita 40 hivi, kwani upepo wetu huingia dirishani na kutokea mlangoni, na mwenye kuukata njia yake ataijua thamani yake kaskazi itakaposhika, miezi ya Januari na Februari. Pazia husitiri jicho na halizuii sikio. Ubao mwembamba huzuia sauti kidogo tu. Rafu iliyojaa vitabu au majora ya vitambaa huituliza zaidi kuliko vyote viwili. Fauka ya hayo, samani haitaki idhini ya mwenye nyumba, ambayo mpangaji hulazimika kuitafuta kabla ya kugonga ukuta. Ama umeme, pasi na jokofu visitegemee ekstensheni moja, na waya usipitishwe chini ya zulia.

6. Mgawanyo wa saa

Pale ambapo nafasi haigawanyiki tena, saa hugawanyika. Nyumba ya Kiislamu ina mipaka yake tayari, maana adhana hukata siku vipande vitano, na mwenye kazi akiweka ahadi kwamba wateja hawapokewi baada ya magharibi, wateja huizoea. Sharti lake ni moja, kuwa kazi iwe na mahali pa kufungiwa: sanduku, droo, au kifuniko cha cherehani. Kazi iliyobaki wazi mezani haijaisha, na mwenye nyumba hula chakula chake cha usiku akiitazama.

7. Mapendekezo

Kwa wakaaji, napendekeza kwamba kabla ya kununua ubao hata mmoja, wasimame mlangoni, wahesabu ni nani huingia na kwa haja gani, kisha waweke kituo cha kwanza pale inapokwisha haja ya mgeni. Kwa wasanifu na mashirika yanayojenga fleti, ombi langu ni mita mbili za mraba baina ya mlango wa ngazi na sebule, zenye benchi, taa na mlango wa pili. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jiko kubwa linalosifiwa katika matangazo, na mamia ya watu wanaojipatia riziki majumbani mwao wataitumia nafasi hiyo kila siku.